Madoa Mekundu ya Jumamosi

Nilikuwa Mbarara, ofisini kwa injinia wa maji, chai ya maziwa mbele yangu ikiwa bado moto, nilipoyaona yale madoa. Yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta yangu, juu ya mchoro niliouzoea kama sura yangu ya asubuhi: mstari wa buluu uliolala, wenye mawimbi madogo, mstari wa maji yasiyo na habari. Sasa juu yake lilikaa kundi la madoa mekundu, kisha nafasi tupu, kisha kundi jingine, kisha nafasi tena. Nilisogeza kidole kusoma siku. Jumamosi. Nikasogeza tena. Jumamosi. Sikuhitaji kuendelea, lakini niliendelea, kwa sababu nimesoma.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutania. Nilimwambia injinia kwamba mashine yetu imeokoka na sasa inashika Sabato. Hakucheka. Aliweka kalamu mezani na kuvuta kiti chake karibu na changu. Nikaogopa kabla sijajua ninachokiogopa, na hicho ndicho kipaji changu cha pekee.

Sikusomea maji. Nilisoma falsafa huko Kivu, nikaandika tasnifu ndefu kuhusu shaka, halafu vita vikanileta kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako hakuna aliyehitaji mtu wa shaka. Walihitaji mtu anayesoma Kiingereza na Kifaransa na anayeweza kuwaeleza akina mama bombani, kwa Kiswahili, kwamba maji wanayochota ni salama. Maji yetu yanatoka ziwani. Yanavutwa kwa pampu, yanatiwa dawa ya kutuliza matope, yanachujwa, yanatiwa klorini ya kuua vijidudu, kisha yanapanda kwenye tangi kubwa na kushuka mabombani. Ndani ya tangi kuna kihisi, kifaa chembamba kama mwiko kinachopima kama maji yana matope na kama klorini bado imo. Kila robo saa kinatuma namba. Namba zinafika Mbarara kwa injinia, injinia ananitumia mimi, na mimi nazitia kwenye programu.

Programu yenyewe ni ya bure. Imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali ambao wengi wao hawajawahi kuonana, na yeyote anaweza kuifungua, kusoma ilivyoshonwa ndani, na kurekebisha. Nilikuwa nikiwaeleza wenzangu kambini kwamba ni kama shamba la kanisa: kila mtu analima anapopata nafasi na hakuna anayelifungia geti. Kazi yake kubwa ni kusafisha namba, maana vihisi vina kwikwi. Povu likikaa kwenye kioo cha kihisi, au konokono akitambaa juu yake, kinatuma namba ya ajabu. Programu inatazama namba inayoruka ghafla mbali na jirani zake, inaitupa, inaziba pengo, na mstari unabaki mzuri. Kila wiki nilikuwa nachapisha mstari huo mzuri Base Camp, kitovu cha kambi yetu, naubandika ubaoni kando ya bomba, nasimama mbele ya foleni ya madumu na kuueleza. Akina mama waliniita mwalimu wa maji. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyopaswa.

Asubuhi ile Mbarara, kwa kuwa mtandao wa pale una nguvu, nilikuwa nimepakua toleo jipya. Toleo la zamani lilitupa namba kimyakimya. Kwenye toleo jipya, kila kilichotupwa kinabaki mchoroni, kimepakwa nyekundu. Mahali fulani duniani mtu nisiyemjua alikuwa ameamua kwamba si vizuri mtu asione anachokitupa.

"Mwalimu, hiyo si mashine kuharibika," injinia alisema. Ni mwanamke wa Mbarara hapohapo, na Kiswahili chake alijifunza kwenye miradi ya barabara, kati ya madereva na askari. "Mashine ikiharibika haingojangi Jumamosi. Toa hiyo kuchuja, tuone maji yenyewe."

Nilizima kichujio. Mstari wa matope ulipanda kila Jumamosi asubuhi kama paa la nyumba. Mstari wa klorini, palepale, ulianguka chini kabisa na kulala hapo hadi alasiri. Injinia alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa, kwamba matope mengi yanakula klorini yote, na saa hizo chache watu wanakunywa ziwa. Kisha akauliza, "Huko kwenu Jumamosi kuna nini?"

Nilijua kuna nini. Hapo ndipo hofu yangu ilipopata jina, na jina hilo lilikuwa la mama mkwe wangu.

Inabidi nieleze jambo la aibu, yaani aibu ya kimila. Kwetu mwanamume hawezi kula mbele ya mama mkwe wake, haingii anapolala, na hataji mbele yake chochote kinachohusu mwili, hasa kuanzia shingoni kwenda chini. Nyumbani milimani, ambako boma lake lilikuwa upande wa pili wa bonde, hilo lilikuwa jambo rahisi. Nakivale tunaishi sote katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na heshima yote ya ukoo inaning'inia kwenye pazia moja la kitenge. Mimi hukohoa kabla ya kuingia. Yeye hukohoa kabla ya kutoka. Akitaka kuniambia kitu humwambia mke wangu, hata kama nimesimama karibu kuliko mke wangu. Mke wangu akiwa safarini, anaiambia sufuria. "Sufuria," anasema, "umwambie huyu bwana kuni zimeisha." Nami naiahidi sufuria kwamba nitazitafuta.

Mwaka uliopita aliugua homa ya matumbo, akalazwa Mbarara muda mrefu. Alipotoka, daktari alituita mimi na mke wangu pembeni akasema utumbo wake umekuwa kama karatasi iliyolowa. Umeanza kupona, lakini homa hiyo ikirudi kabla haujakaza utatoboka, na hapo tusitegemee kupona. Tangu siku hiyo mke wangu alikuwa akimchemshia maji, na yeye alikuwa akiyakataa. Alisema yananuka moshi. Alisema kuni ni za chakula. Alichotaka ni maji ya Jumamosi.

Hayo maji ya Jumamosi nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua desturi za nyumba yake bila kuzitazama. Tangu wageni wapya walipoanza kufika kutoka Kivu kwa wingi, kanisa letu limekuwa likibatiza karibu kila Jumamosi. Tunabatiza kwa kuzamisha, na ziwa la Nakivale lina viboko. Mahali pamoja tu viboko hawapendi kusogea: pale ambapo bomba kubwa la pampu linaingia majini, kwa sababu ya kelele ya mashine. Basi hapo ndipo kanisa lilipochagua, kwa busara kabisa. Watu wanaingia wakiwa wamefungana mikono, wanaimba, wanakanyaga tope la chini mpaka maji yanakuwa kama uji wa ulezi, na pampu inavuta. Mimi siendi. Nina visingizio vya kila namna, lakini sababu ni viboko. Mama mkwe ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa na hajawahi kukosa. Ibada ikiisha, anapita bombani na kujaza dumu dogo la njano, lake peke yake, la kunywa wiki nzima. Anasema ni maji yaliyopita kwenye ubatizo. Na niliwahi kumsikia, kupitia pazia, akimwambia mke wangu kwamba maji ya siku hiyo ni matamu kuliko ya siku nyingine, hayana harufu ya dawa.

Hayana harufu ya dawa. Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo kwa masikio haya, mimi mwalimu wa maji, na nikageukia upande wa pili kulala.

Nilimpigia mke wangu. Alikuwa Kikagate, mpakani, amekwenda kununua mchele na dagaa kutoka ng'ambo, Tanzania, na simu yake haikupatikana. Nikampigia jirani yetu, mama wa Kirundi anayeuza mkaa. Nilimwomba, kama si usumbufu, apite kwangu na kumwaga dumu dogo la njano lililo kando ya kitanda cha bibi. Alicheka. Akasema hathubutu kugusa kitu cha yule mama, na isitoshe hajamwona nje tangu asubuhi. "Amelala. Anasema anasikia baridi."

Jua la Mbarara lilikuwa linachoma mabati.

Sikumbuki vizuri safari ya kurudi. Nakumbuka injinia akiwa kwenye simu na mtu wa pampu, akimwamuru aongeze klorini na akague maji ya tangi, na akinionyesha kwa mkono niende, niende. Nakumbuka nyuma ya boda, kompyuta nimeikumbatia kifuani kama mtoto, nikijaribu kukumbuka katika falsafa yote niliyosoma kama kuna aliyeandika kuhusu utumbo. Nilikuwa namwogopea mama mkwe, na katikati ya hofu hiyo, nasema kweli, nilikuwa naogopa pia pazia.

Nilifika nikasimama mlangoni, nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, nikatembea kidogo mbele ya nyumba nikiburuta viatu ili nisikike.

"Sufuria," sauti ilitoka ndani, nyembamba, "umwambie huyu mutu ya chuo kikuu aache kutembea-tembea hapo inje. Kichwa inaniuma."

Niliingia chumba cha mbele. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, tupu. Nikaitazama, nikaanza: sufuria, muulize mama kama tumbo. Nikaishia hapo. Neno lilikuwa limenitoka likiwa uchi, na hapakuwa na namna ya kulivika nguo. Nikasikia jino likigongana na jino upande wa pili wa kitenge. Nikafunua pazia.

Alikuwa amejikunja chini ya blanketi mbili, uso umekauka, macho makubwa. Kando ya kitanda kulikuwa na dumu la njano, limefunikwa kitambaa cheupe chenye ua la kufumwa, na juu yake kikombe. Dumu lilikuwa limebaki nusu.

"Mama, ulikunywa maji ya dumu hili?"

Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe ameingia kanisani. "Unaingia fasi mama mukwe analala?"

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa. Mimi nilisimama mule na batu ba Mungu, nikunywe nini ingine?"

"Na tumbo, mama. Linauma?"

Alifumba macho. Nafikiri alikuwa anangoja dunia ipasuke, na mimi pia. Haikupasuka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tumbo linauma, ndiyo, chini, upande.

Kliniki ya Base Camp walimpima joto, wakambonyeza tumbo, wakasoma karatasi zake za mwaka uliopita, na hawakutaka kukaa naye hata saa moja. Walimwandikia rufaa ya kwenda Mbarara. Kwenye gari la wagonjwa nilikaa karibu na miguu yake, nimeshika chupa ya dripu juu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuishika. Kila gari lilipopiga shimo niliona karatasi iliyolowa. Niliona ikichanika polepole kwenye kona, namna karatasi inavyochanika, bila sauti. Nilimwambia dereva apunguze mwendo, kisha nikamwambia aongeze. Akaniuliza kwa upole nichague moja.

Hospitalini walimchukua damu, wakamlaza, wakanitoa nje. Katika korido ile kila mtu alikuwa na mtu wake ndani na thermosi mkononi. Mimi nilikuwa na kompyuta. Niliifungua, nikarudi kwenye mchoro, na hapo nikafanya jambo lisilo na maana yoyote: nikahesabu Jumamosi alizokuwa amekunywa. Injinia alinikuta nikizihesabu kwa mara nyingine. Alikuja na matoke yaliyofungwa kwenye jani, akaketi, akaifunga kompyuta bila kuniomba. Alisema mabomba yamefungwa hadi tangi lioshwe, watu wametangaziwa wachemshe maji, na kliniki bado haijaona watu wengi wa kuhara. Alisema "bado" kwa uangalifu, na nilimchukia kidogo kwa uangalifu huo.

Nilimwuliza kama yeye huogopa.

"Mimi?" alisema. "Ile ripoti iliyosafishwa nilikuwa naisoma kila wiki. Tena nilikuwa naweka sahihi. Kula, mwalimu."

Mke wangu alifika jioni kutoka Kikagate, nguo zikinuka dagaa, macho yamevimba. Nilimweleza yote, hata pazia. Akauliza mama alisema nini nilipolitaja tumbo. Nikasema alijibu. Mke wangu akakaa chini sakafuni akalia, na sikujua analilia lipi.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alisema ni malaria. Kali, lakini malaria. Sijawahi kuifurahia malaria, na sijui kama inaruhusiwa. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili hadi akaanza kuuvuta. Kisha akamaliza sentensi yake. Malaria ndiyo inayoonekana leo, alisema. Homa ya matumbo inaweza kukaa mwilini majuma kadhaa kabla ya kujionyesha. Mpeleke nyumbani akipata nguvu, mtazameni, na mrudi kupima tena.

Kwa hiyo hofu tulitoka nayo hospitalini, tukaipa nafasi nyumbani.

Lakini kabla ya kutoka, alipokuwa ameweza kuketi na kunywa uji, mama mkwe alimwambia mke wangu aniambie niingie. Niliingia nikakaa mbali, karibu na mlango. Akamwambia mke wangu aniambie nisogee. Nikasogea. Kisha akamwacha mke wangu, akanitazama mwenyewe.

"Nionyeshe hii kitu inakutia wazimu."

Nilifungua kompyuta kwenye blanketi. Nilimweleza kihisi, matope, klorini, pampu. Alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni, tayari kuyakataa. Akaweka kidole kwenye kundi moja la madoa.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Jumamosi, mama."

"Ni batu betu."

Nilisogeza mchoro, aone Jumamosi nyingine.

"Na mashine ilikuwa inabatupa?"

"Ilifikiri ni makosa yake yenyewe. Kitu kikiruka ghafla, inasema hicho si maji, ni kihisi kimekosea."

"Sasa haikuuliza?" alisema. "Weye pia haukuuliza? Watu mingi vile wanaimba, na hakuna mutu aliuliza?"

Nilifikiria tasnifu yangu kuhusu shaka, ilipo leo, labda chini ya kifusi, labda imefungiwa karanga. Nikasema hapana, mama, hakuna aliyeuliza.

Alikunywa uji wake. Niliona anapima mambo, na nikajua hapimi klorini. Kanisa lina mchungaji, lakini kuhusu mahali watu wanapovulia viatu, neno la mwisho ni lake. Mwishowe alisema tutahamishia ubatizo upande wa chini, mbali na bomba, kule kwenye mchanga.

"Kule kuna viboko, mama," nilisema.

"Biko. Ndio sababu utakuja. Wanaume watasimama ndani ya maji, watapiga madumu, biboko bitaenda. Na weye ukuwe mbele." Akarudisha kikombe kwa mke wangu. "Umeshazoea kuingia fasi hawakukuita."

Majuma yaliyofuata nilikuwa nikiamka na kusikiliza pumzi zake kupitia pazia. Akikohoa, nilikaa. Akinyamaza sana, nilikaa. Nilichemsha maji yake mimi mwenyewe, kwenye sufuria ileile, mpaka yakaruka, na sikumsikia tena akilalamika kuhusu moshi, ingawa aliyanusa kila mara kabla ya kunywa ili nione. Niliwatumia pia maelezo wale watu wa programu: niliandika kwamba namba zinazotupwa zikijirudia siku ileile ya juma, programu isizitupe, ipige kelele. Mmoja wao alinijibu kwa adabu akiuliza ni hitilafu gani ya kihisi hutokea Jumamosi tu. Nikaandika: ubatizo.

Tulirudi Mbarara kupima. Nilingoja kwenye korido ileile, mgongo kwenye ukuta uleule. Daktari yule kijana alitoka na karatasi, na kabla hajasema chochote nilisoma uso wake na kuusoma vibaya, nikaanza kutafuta kwa mkono pa kushika. Karatasi ilikuwa safi. Tumbo limekaza, alisema, ila aendelee na maji ya kuchemsha. Mama mkwe alimsikiliza, akamshukuru, akauliza kama tutawahi kufika kabla ya Jumamosi.

Tuliwahi. Sasa nasimama kwenye ziwa la Nakivale, maji magotini, mstari wa wanaume umetanda kushoto na kulia kwangu, kila mmoja na dumu na fimbo. Mbele yetu, mbali lakini si mbali inavyotosha, masikio mawili madogo yanatoka majini, yanazunguka, yanazama. Sijui yatatokea wapi tena. Nyuma yangu wanaanza kuimba. Dumu nililopewa ni dogo, la njano, lenye alama ya kitambaa shingoni, na fimbo inaligonga kabla sijaamua.

Ufukweni, kwenye kiti alicholetewa, mama mkwe ameshika mapajani thermosi yangu ya maji ya kuchemsha.

"Piga kwa nguvu, mukwe," anasema, na hapa hakuna sufuria.

Napiga.